Gari Kutoka kwa Baba Mkwe

Mwili wa Ogari ulikuwa mtaroni, kwenye mteremko wa kuingia Nyamira. Gari lake lilikuwa limekatika vipande viwili. Cha mbele kilimfuata mtaroni, cha nyuma kilibaki barabarani na viti vya wanawe. Kwa bahati, watoto walikuwa shuleni.

"Ni mwendo wa kasi, Madam," alisema Sajini Ochoki. "Tuandike ajali, tufunge."

Inspekta Kemuma alilisogelea gari. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: hakufunga jambo kabla ya kulishika kwa mkono. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma. Gari likigonga hujikunja. Hili lilikuwa limeachana tu, na ukingoni palikuwa na mshono wa kuchomelea, umefichwa kwa puti na rangi.

"Kwangua hapo nyuma."

Ochoki alikwangua kwa kisu. Chini ya rangi ya fedha palikuwa na nyeupe.

"Haya ni magari mawili, Sajini. Na anayenunua mabaki ya ajali kuunda gari haundi moja. Kuna lingine barabarani, na huenda lina familia ndani. Hatulali mpaka tulipate."

Nyumbani kwa marehemu, Sironga, mjane wake Nyanchera alijibu maswali akiwa amempakata mtoto.

"Mumeo alikuwa mtu wa kukurupuka?"

"Ogari? Afande, huyo alimaliza yadi zote za magari! Kila gari alilala chini yake na tochi. Moja akasema liliwahi kuzama kwenye maji, lingine mita yake imerudishwa nyuma. Mpaka nikamuuliza, tutatembea kwa miguu hadi lini?"

"Na hili, alilala chini yake?"

Nyanchera aliinamisha kichwa.

"Hili aliuziwa na baba yangu, Mzee Nyabuto. Ana yadi pale Kisii. Baba alisimama hapo hapo, kando ya mlango. Sasa Ogari angelalaje chali mbele ya baba mkwe, shati limepanda, miguu imetawanyika? Si unajua chinsoni."

Kemuma aliijua heshima hiyo ya wakwe tangu utotoni. Mume wake mwenyewe hakuwahi kuketi kiti kimoja na baba mkwe wake.

"Angepeleka fundi."

"Kumpelekea mkwe fundi ni kumwita mwongo, afande."

Hasira ilimpanda Kemuma, akaimeza. Alizunguka gereji za Kisii na kipande cha mshono mkononi. Wachomeleaji walikitazama, wakatazamana, wakamtaja Mose.

Mose hakuhitaji kubanwa sana.

"Mzee Nyabuto aliniletea mabaki, Madam. Nikaunganisha."

"Ukatoa gari moja?"

"Mawili. Nilimwambia yasibebe watu. Akasema hiyo si kazi yangu."

"La pili lilikwenda wapi?"

"Haki ya Mungu, sijui."

Jioni hiyo Nyabuto aliketi mbele ya Kemuma kituoni, suti imenyooka, kofia magotini.

"Ni wewe ulimuuzia Ogari gari?"

"Nilimsaidia mkwe wangu. Kwa bei ya nyumbani."

"Ulijua lina mshono?"

"Mimi ni mfanyabiashara, si fundi."

"Mose ameandika taarifa. Nimepata pia wateja wawili waliolala chini ya gari hilo, wakauona mshono, wakakwambia, wakaenda zao."

Nyabuto aliigeuzageuza kofia yake.

"La pili liko wapi?"

"Hakuna la pili."

Kemuma aliufungua mlango. Nyanchera aliingia, macho yamevimba.

"Tata," alimwita baba yake, "kwa nini Ogari?"

Mzee aliikodolea macho sakafu. Hapo ndipo kiburi kilipomwisha.

"Mali yangu yote ilikuwa imelala kwenye mabati hayo. Kila mgeni alilala chini, akainuka anatikisa kichwa. Nikajua mkwe hawezi kulala chini nikiwa nimesimama. Ogari alikuwa mwendeshaji wa polepole. Sikutaka afe, mwanangu."

Kemuma aliweka kalamu mezani.

"Mzee, una mabinti wangapi walioolewa?"

Nyanchera ndiye aliyejibu.

"Wawili. Mdogo wangu Ashley ameolewa Nyacheki. Wako njiani sasa hivi, wanakuja matanga na watoto."

"Kwa gari gani?"

"Tata?" Nyanchera alimgeukia. "Wanakuja kwa gari gani?"

"Mume wake Walter alilichukua lile la pili wiki iliyopita," mzee alinong'ona.

"Na ukauona mwili wa Ogari, ukanyamaza?" aliuliza Kemuma.

"Ningesema, ningekuwa nimekiri."

Nyanchera alikuwa ameshapiga simu. "Ashley, simameni! Shukeni wote! Toeni watoto kwanza!"

Kwenye spika ya simu wote walisikia breki, milango ikifunguliwa, mtoto akilalamika. Kemuma aliichukua simu.

"Walter, huyu ni Inspekta Kemuma. Usiingie ndani tena. Inama uangalie katikati, chini ya milango ya nyuma."

Walisubiri.

"Madam," sauti ya Walter ilisema, "kuna ufa hapa. Kidole kinaingia."

"Watoto?"

"Wako hapa kando ya majani chai. Wazima."

Kemuma alishusha pumzi, kisha akatoa pingu. Nyabuto aliinyoosha mikono yake, kofia ikaanguka. Nyanchera aliiokota, akaiweka mezani bila kumpa.

"Ogari angekuwa hapa, tata," alisema, "angetoka nje kwa heshima ya mkwe, asikuone hivi."