Siku Chance alipomwiga babu yake kilioni

Kila jioni Godefroid, fundi nguo wa mtaa wa Kamalondo, alifunga cherehani akaenda kula michopo na mdogo wake Gauthier. Mbuzi motoni, bia mezani, sigara mdomoni. Matembele aliyasukuma pembeni. "Majani ni ya bambuzi!" alisema, na Gauthier alicheka mpaka machozi. Laiti wangejua!

Sasa Godefroid amekufa kwa tumbo. Ndugu wananong'ona: sumu. Ndivyo tulivyo mjini kwetu, tunamtafuta mchawi kabla ya kumuuliza daktari.

Kilioni wajukuu, bizukulu, waliingia kumtania marehemu, kama ilivyo desturi. Chance, mjukuu wake mkubwa, alivaa koti la babu. Akajifanya anavuta sigara, akasukuma sahani. Halafu akashika tumbo, akakimbilia chooni. Akarudi. Akakimbia tena.

"Ile damu ni amibe tu!" alisema kwa sauti nene ya babu. "Musimwambie muntu!"

Watu wakaangua kicheko. Gauthier hakucheka. Yeye pia alikuwa akiona damu chooni, akinywa dawa ya amibe, vile vijidudu vya tumbo, kimya kimya.

Akamfuata jirani yao Julienne, muuguzi, penye masufuria.

"Mama Julienne, yaya, kaka yangu, alikufa na nini?"

"Kansa ya utumbo mukubwa, papa. Aliona haya, akakataza tuseme. Leo bibi yake, ule mujane, amesema tusifiche tena. Hakuna muloji."

"Mawee! Miye pia niko naona damu."

Julienne akamshika mkono. "Kesho uende ku hospitali. Pengine ni amibe, pengine hapana. Dawa ya kujinunulia haiwezi kukuambia. Umepita miaka makumi tano, na ile kansa inatembeaka mu familia. Pombe, tumbako, nyama nyekundu kila siku, unene, kukaa tu kutwa, byote binaongeza hatari. Na hata muntu mwenye kujichunga anaweza kuipata. Njo maana tunapima mbele ya maumivu."

Hospitalini walipima choo chake, kisha wakaangalia utumbo kwa kamera ndogo. Wakakuta kinyama kidogo kimeota ndani. Wakakitoa kabla hakijageuka kansa.

Gauthier alilia. "Yaya naye alianza na kinyama kama hiki," alisema. "Na miye nilikuwa namuagizia bia!"

Aliwaambia nduguze na watoto wa Godefroid, bila haya, wakamwone daktari awaambie wapimwe lini. Sigara ameacha. Pombe hanywi tena. Kila asubuhi anatembea kwa miguu, na bukari yake, yaani ugali, anaila na matembele na maharagi. Michopo ni ya sikukuu.

Chance haachi kumtania babu huyu aliyebaki. "Nkambo, ku kilio yako nitaiga nini? Kutafuna majani?"

"Iga ile," anajibu. "Na useme nilikufa muzee sana."

Wanacheka wote wawili. Halafu Gauthier anaangalia koti la kaka yake, bado limetundikwa ukutani juu ya cherehani. Godefroid angekuwepo, angecheka kuliko wote.