Tupu Haizidi Hamsini

Lori la kwanza lilipita lango la mizigo likiwa na mionzi ya kuua mtaa mzima. King'ora hakikulia.

Mpelelezi Nondo alilikamata mbele kidogo. Glock. Risasi mbili za bastola, tairi moja. Akamshusha dereva kwa ukosi wa shati, akamtia pingu.

Hakusikia hasira wala furaha. Kazi ni kazi.

Akamwita kwa redio Fundi, dada wa kompyuta pale langoni.

"Fundi, mashine yako imelala?"

"Iko macho, kaka. Wamekata waya wa kipimo. Programu inauliza, mionzi imezidi hamsini? Namba haikufika. JavaScript, lugha ya programu hii, inaita hiyo undefined. Haizidi kitu, haipungui kitu. Jibu linakuwa hapana, lango linafunguka."

"Yaani bubu anahesabiwa hana kosa?"

"Ndiyo hivyo."

"Geuza swali. Lifunguke pale tu kipimo kikiwa hamsini au chini."

Vibonye vilisikika redioni. "Nimegeuza."

Dereva alicheka, damu mdomoni. "Umechelewa, mzee. La pili liko langoni."

Mlinzi wa lango alikuwa mdogo wake Nondo. Nondo ndiye aliyemtafutia kazi ile.

Aliruka juu ya pikipiki yake, Yamaha, akamwita redioni.

"Dogo, lango vipi?"

"Limefungwa, kaka. Lori limesimama. Utingo ananitukana kama nimemwibia mke."

"Simama mbele yake asithubutu kulivamia lango. Halifunguki hilo."

"Nimesimama. Leo utaninunulia soda."

"Nitanunua."

Fundi aliingilia, sauti imepanda. "Kaka! Msimamizi wa zamu ni mtu wao. Ameandika null kwa mkono mahali pa kipimo!"

"Si tupu ileile?"

"Siyo! Undefined, hakuna aliyeleta kitu. Null, mtu kaweka utupu makusudi. Na ukiilinganisha na hamsini, null inageuka sifuri. Sifuri iko chini ya hamsini!"

Redioni, lango lilianza kusaga reli.

"Dogo, toka!"

Injini. Kishindo. Kisha hewa tupu.

Nondo alikutana na lori la pili kwenye kona. Hakupunguza mwendo. Risasi nne. Tairi mbili zikapasuka, lori likaserereka hadi ukutani. Mzigo haukuvuja. Dereva na utingo walitoka mikono juu.

"Fundi."

"Nipo." Alikuwa analia. "Nimemfungia msimamizi ndani. Sasa programu inauliza kwanza, hii ni namba? Kama si namba, lango halifunguki."

"Hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza."

"Ndiyo, kaka."

Simu ilitetemeka mfukoni. Mama. Nondo aliiacha iite mpaka ikakata. Akawakabidhi watu wawili kwa askari waliofika, akarudisha Glock kiunoni, akatembea kuelekea langoni bila kuharakisha.

Risasi sita. Tairi tatu. Soda moja ambayo haikununuliwa. Mdogo wake, na hakuwa na mwingine.