Picha Bila Ruhusa

Aluoch alitoka zamu kiwandani miguu ikimuuma, sweta yake ya kijani ikinuka majani ya chai. Soko la Kericho lilikuwa limefurika, matope kila mahali, wauza kabeji wakipigiana kelele. Alikuwa akichagua nyanya alipoinua macho akajiona.

Alikuwa kwenye bango kubwa kama mlango wa ghala, amempakata mtoto wa dadake. Ilikuwa picha ya ubatizo kule Boito, ile ambayo dadake Syprose aliipiga akaiweka Facebook. Kando yake, kwa maandishi mekundu: "Nilikuwa tasa. Dawa ya Uzazi Tele ilinipa mtoto."

Mwanamume mrefu mwenye shati la drafti alikuwa juu ya ngazi akifunga kamba.

"Wewe! Shuka hapo!"

"Kuna nini, madam?"

"Niangalie. Halafu angalia hiyo kitu unafunga."

Yule mwanamume akamtazama, akalitazama bango. Ngazi ikatikisika. "Aki... ni wewe?"

"Nani alikupa picha yangu?"

"Niliitoa kwa mtandao. Mimi ndio nilimtengenezea mwenye dawa hili bango. Nilidhani kitu ikishawekwa Facebook ni ya kila mtu."

"Na mimi pia ni wa kila mtu?"

Kiplimo, hilo ndilo lilikuwa jina lake, alishuka ngazi. Aluoch naye hakuwa na nguvu za kugombana. Aliketi juu ya kreti tupu akalia bila sauti, watu wakimpita. Mumewe alikuwa amemfukuza kwa sababu hakumzalia. Kiplimo hakuyajua hayo, lakini alipanda tena ngazi akalikata bango.

Mabango mengine aliyokuwa ameyafunga waliyafuata pamoja kwa pikipiki yake, hadi soko la Soin, hadi la Ndanai.

"Hapa umenipaka lipstiki," Aluoch alisema siku moja.

"Nilikuongezea urembo kidogo."

"Kwani sikuwa nao?"

"Ulikuwa nao. Kompyuta yangu ndio haikuwa na macho."

Aluoch akacheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza. Kisha zikaanza simu za Kiplimo za jioni.

"Umekula, mrembo?"

"Nimechoka hata kula."

"Basi weka simu kwa sikio, mimi niongee tu mpaka usinzie."

Lakini mabango yalikuwa yamekwisha kusomwa. Akina mama kanisani walimpongeza. Mumewe wa zamani alipiga simu kuuliza mtoto ni wa nani. Aluoch akaenda kwa wakili, Bi. Bonareri.

"Picha kuwa mtandaoni si ruhusa ya kuuzia dawa," wakili alimwambia. "Walihitaji idhini yako, na ya dadako aliyeipiga tena ni mama wa mtoto. Kubandua mabango hakufuti kosa. Tutashtaki mwenye dawa, na aliyetengeneza bango."

"Huyo wa pili... lazima?"

"Ndiye aliyeichukua picha, Aluoch."

Kabla Aluoch hajapata maneno ya kumweleza Kiplimo, alipigiwa simu na Duke, mwenye dawa.

"Dada, tusipelekane kortini. Huyo kijana mimi ndio nilimtuma akutulize. Kazi anaifanya vizuri, ama?"

Aluoch alimpigia Kiplimo papo hapo. "Ulitumwa kwangu?"

"Nitumwe na nani?"

"Usinipigie tena."

Mvua ilinyesha wiki kadhaa. Aluoch alienda kazini, akarudi, akalala na viatu. Ndipo wakili akamwita ofisini.

"Kiplimo alikuja hapa mwenyewe. Amekiri kila kitu. Hakutumwa; baada ya kukupigia wewe ndipo Duke alipoahidi kumlinda kazini kama angekushawishi uache kesi. Kiplimo alikataa, akafutwa kazi. Ujumbe wa Duke ninao."

Aluoch alimpata Kiplimo katika shamba la mamake, kikapu mgongoni, akichuma chai, mikono ya shati la drafti imekunjwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema najitetea. Na picha nilichukua kweli."

"Kesi siiondoi, Kiplimo. Wewe ni mshtakiwa wa pili."

"Usiiondoe. Nitasimama hapo na Duke, niseme nilikosa. Halafu nikungoje nje."

Aluoch aliketi kwenye nyasi. "Nimechoka."

"Hata mimi." Akateremsha kikapu, akachuchumaa mbele yake. "Nataka kukuoa, Aluoch."

"Na mtoto asipokuja? Hilo bango halikudanganya yote. Mume wangu aliniacha kwa hiyo."

"Mimi nimekuuliza wewe. Sijauliza mtoto."

"Nitakubali. Lakini uniulize tena baada ya hukumu, watu wasiseme ulininunua kwa ndoa ili niiache kesi."

"Nitauliza."

"Leo nipe tu mahali nilale."

Kiplimo akafungua koti alilojifunga kiunoni, akalitandaza kwenye nyasi. Aluoch akajilaza, usingizi ukamchukua mara moja. Naye Kiplimo akaendelea kuchuma chai karibu naye, polepole, asimwamshe.