Vikombe Vitatu vya Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza, Zamda alitandika gunia mlangoni akapanga vifaa vya baba yake kimoja baada ya kingine: spana kubwa, spana ndogo, bisibisi, kitambaa cha kufutia plagi, na kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono. Kikombe hicho hakikunywewa kahawa tena. Kilikuwa kipimo cha oili.

"Kitendawili," baba alisema, amechuchumaa kando ya pikipiki.

"Tega."

"Punda wangu hali majani. Anakunywa tu, na akinywa anatoa moshi mkiani."

"Pikipiki. Hicho cha watoto wadogo, baba."

"Haya, mpe punda kinywaji chake. Kila galoni ya petroli, oili vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Visipotimia?"

"Pistoni inakauka, inashika, na gurudumu linagoma ghafla."

Baba yake, Mdoe, alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, cha ujamaa, nje kidogo ya Handeni. Nyumba zilisimama kwa mistari kama wanafunzi wa paredi, na miti ya kivuli ilikuwa bado inamfikia mtu magotini. Mama yake Zamda alibaki Mpale, milimani, akimuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Shule ya kule iliishia darasa la nne, ndiyo maana Zamda, mwenye miaka kumi na miwili, aliletwa kwa baba aendelee na la tano. Mara mbili kwa mwezi baba na binti walipanda pikipiki wakaenda kumwona mama. Basi halikufika kule. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa njia yao ya kwenda kwa mama, na Zamda alilijua hilo kuliko alivyozijua hesabu za shule.

Siku zilizobaki zilikuwa ndefu. Baba alishinda mashineni. Shuleni, wakati wa mapumziko, wenzake Zamda walizungumza Kizigua, na Kishambaa chake kiliwachekesha. "Mtoto wa milimani, hebu sema tena," walimwambia, naye akajitenga. Jioni alikaa kizingitini akiwatazama wakishindana kwa baiskeli zao za mbao kwenye mteremko wa ghala la pamba. Magurudumu ya mbao yalilia kwii, kwii, mpaka chini. Hakuna aliyemwita.

Siku moja Abdi, mwenye baiskeli iliyolia kuliko zote, akasimama mbele yake.

"Wewe, si baba yako ana oili?"

"Anayo."

"Nipake kidogo hapa, kwenye ekseli."

Zamda akampaka. Baiskeli ya Abdi ikateremka kimya na kuwaacha wote. Kesho yake walikuja watano. Chausiku, msichana wa darasa lake, akampakia nyuma ya baiskeli yake, na Zamda akateremka akicheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni ile alimaliza ugali wake wote, mara ya kwanza tangu ahamie.

Tangu hapo ikawa desturi. Oili ilitoka kwenye kopo la baba kidogo kidogo, na kila ilipotoka, Zamda alikuwa na watu. Siku aliyosema, "Leo hapana," waliteremka bila yeye. Kesho yake hakusema hapana.

Sabasaba ilipokaribia, shamba moja la mkonge karibu na Korogwe likatangaza mashindano ya pikipiki kwenye uwanja wake wa ndege ndogo. Hayakuwa ya mabingwa. Yalikuwa ya watu wenye kazi zao, walimu, mafundi, manesi, hata padri mmoja, ambao walipenda tu kukimbiza pikipiki wapate furaha yao. Mbio zingekuwa mbili, na atakayeongoza kwa jumla angepewa tairi mbili mpya. Baba aliitazama tairi yake ya nyuma, iliyokwisha kuwa laini kama kipara.

"Tukizipata hizo," alisema, "hata mvua za vuli hazitatuzuia kwenda Mpale."

Wiki nzima walifanya kazi pamoja. Walikaza cheni, wakasugua plagi, wakazibua kabureta kwa unyoya wa kuku, wakabadili waya wa breki. Siku moja kabla ya safari baba akasema, "Petroli ya njiani ipo tangini, niliichanganya mwenyewe. Ile galoni ya mashindano ichanganye wewe. Mimi nakaza spoki."

Zamda akainamisha kopo. Kikajaa kikombe kimoja, halafu matone. Akalitikisa. Akautazama mgongo wa baba ulioinama juu ya gurudumu, shati limelowa jasho. Angeweza kusema pale pale. Lakini akisema oili imekwisha, ataulizwa imekwenda wapi. Akimtaja Abdi, kesho atakaa tena kizingitini. Akafunga kifuniko cha galoni.

"Vitatu?" baba aliuliza bila kugeuka.

"Vitatu."

Maili arobaini kutoka Handeni hadi Korogwe, galoni ile, iliyofungwa nyuma ya kiti, ilimgonga Zamda kiunoni kwenye kila shimo. Baba alipiga mluzi njia nzima. Zamda hakumtegea kitendawili hata kimoja.

Uwanja ulikuwa mrefu na mwekundu, mkonge umeuzunguka pande zote. Ernesti, fundi mkuu wa karakana ya shamba, ndiye aliyeshika bendera. Nesi Yuditha wa Mkumbara, amevaa suruali ya kaki na kofia ngumu, akamchokoza Mdoe.

"Mashine ya kusaga imefika? Leo utasaga vumbi langu."

"Nitakuachia pumba, nesi," baba akajibu, na watu wakaangua kicheko.

Huku akicheka nao, baba akaimimina galoni tangini. Zamda akaitazama petroli ikiingia. Ilikuwa nyeupe mno. Siku zote ilikuwa na rangi ya chai. Baba hakutazama, angetazama kwa nini, na Zamda ndiye aliyechanganya? Akavaa kofia, akasogea mstarini.

Pikipiki saba zikanguruma. Zamda alisimama katikati ya umati wa watu, na hakuwahi kuwa mpweke namna ile, hata kule kizingitini, maana kule alikuwa na uhakika kwamba baba atarudi. Akilini aliiona pistoni ikishika katika mwendo ule mkali, gurudumu likigoma, baba akirushwa juu ya usukani. Ernesti akainua bendera.

Zamda akapita chini ya kamba, akakimbia, akasimama mbele ya gurudumu la baba yake.

"Zamda, toka hapo."

Maneno yakamkwama. Likaja moja tu, lile alilolizoea.

"Baba, kitendawili."

Watu wakacheka. Baba aliuona uso wake, hakucheka. Akazima injini.

"Tega."

"Nilikuwa na vikombe vitatu, nikamimina kimoja. Viwili vimekwenda wapi?"

Baba akafungua tangi, akanusa, akachovya kidole na kukisugua kwa kidole gumba. Kidole kilikauka papo hapo.

"Nimeshindwa," alisema polepole. "Nakupa mji. Chukua Korogwe."

"Nilikwenda Korogwe," Zamda alisema, machozi yakianza kumtiririka, "nikawaambia watu wa Korogwe kwamba vile viwili niliwapa Abdi na wenzake wapake magurudumu yao, ili wacheze na mimi. Na jana nilikudanganya."

Baba akashuka. Akaisukuma pikipiki nje ya mstari, na bendera ikateremshwa bila yeye.

Hakumpiga, hakumgombeza. Wakamwaga petroli yote kwenye debe, na Ernesti akaleta galoni nyingine ya petroli pamoja na oili kutoka karakana.

"Mdoe, ungefika kona ya pili tu, tungekuokota kwa koleo," alisema.

Baba akampa Zamda kikombe. "Changanya. Hesabu kwa sauti."

"Kimoja. Viwili. Vitatu."

Kila aliyekuwa karibu alisikia.

Katika mbio za pili baba alikuwa wa pili, nyuma ya Yuditha kwa urefu wa pikipiki moja. Tairi mpya zikaenda Mkumbara.

Walipofika nyumbani, baba akasema, "Mimi nimekwisha kukusamehe. Imebaki kazi moja. Nenda mwenyewe kwa wenzako, uwaambie oili haitatoka tena, na kwa nini."

Alikwenda. Abdi akainua mabega. "Basi kaa na kopo lako."

Zamda akakaa siku nne kizingitini. Magurudumu yakaanza kulia tena mteremkoni, kwii, kwii. Siku ya tano akakumbuka jinsi bibi yake wa Mpale alivyokuwa akikamua mafuta ya nyonyo. Minyonyo ilijiotea yenyewe nyuma ya ghala, haina mwenyewe. Akachuma mbegu, akazimenya, akazikaanga, akaanza kuzitwanga peke yake.

Kivuli kikamwangukia. Alikuwa Chausiku.

"Unatwanga nini?"

"Nyonyo. Usionje, zinadhuru. Nataka mafuta ya magurudumu."

Chausiku akamtazama kidogo. "Unashika mchi kama mtu wa milimani."

"Mimi ni mtu wa milimani."

"Haya, mtu wa milimani, lete nikupokee. Umechoka."

Wakatwanga kwa zamu, wakachemsha, wakaengua mafuta yaliyoelea. Kesho yake Abdi akaja na kapu limejaa mbegu. Hakuomba chochote. Alikaa chini akaanza kumenya.

Jumamosi iliyofuata Zamda alitandika gunia kama kawaida. Aliponyanyua kopo jipya la oili, baba akamshika mkono.

"Ulikuwa mpweke, mwanangu, na mimi sikuona. Nilikuwa nasikiliza mashine tu. Hilo ni kosa langu, nami nalisema. Lakini nawe sikia. Waliokufuata kwa ajili ya kopo waliondoka siku kopo lilipokauka. Hawa waliorudi wakatwanga na wewe, hao ndio wenzako. Tena usichukue kisicho chako ili upendwe. Na ukikosea, sema mapema, injini ikiwa bado imezimwa. Ukingoja mpaka tuko kwenye mwendo, tutaumia wote."

"Nimesikia, baba."

Akachanganya. Kimoja, viwili, vitatu. Petroli ikapata rangi yake ya chai. Baba akaitazama safari hii, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Mzigo wangu, nikiuficha unaongezeka, nikiuonyesha unapungua."

Zamda alilijua jibu: kosa la mtu. Alilijua tangu pale uwanjani, mbele ya pikipiki saba. Akapanda nyuma, akamshika baba kiunoni.

"Nimeshindwa, baba."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Mpale."

Baba akacheka, akapiga kiki, injini ikawaka.