Simu Mbili Mbele ya Ukuta wa Mama Mushiya

Watu wa Kasulo, na ninyi wa Manika mnaopita kwetu mkiziba pua kwa sababu ya vumbi, simameni kidogo. Mimi ni Stany, muuza makala, yale makaa ya kupikia. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msingoje maneno ya kupamba. Nitasema nilichokiona ng'ambo ya barabara yangu, kisha nitasema funzo lake bila kuzunguka.

Nyumba yenyewe ni ya Laurentine. Aliijenga marehemu baba yake, Tata Kalala, aliyefanya kazi mgodini tangu ujana mpaka akastaafu. Mnakumbuka wakati ule watu wa mtaa huu walipoanza kuvunja sakafu za vyumba vyao na kuchimba madini ya kobalti chini ya vitanda. Wanunuzi walimfuata Tata Kalala mpaka mlangoni. Aliwajibu hivi, nami nilikuwepo: "Maisha yangu yote nilitoboa udongo ya batu wengine. Hii ya kwangu muniachie ilale."

Alikufa akamwachia binti yake nyumba nzima yenye sakafu nzima, na ombi moja tu: mama yake Laurentine, Mama Mushiya, aishi humo mpaka mwisho wake. Shikeni neno hilo, maana nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini, na ndani yake mtu mmoja tu alijua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kiangazi, anga kavu. Laurentine alikuwa ametandaza vitenge kwenye kamba uani, akivipiga picha kwa simu yake nyembamba. Hiyo ndiyo kazi yake. Anapiga picha, anatuma kwa wateja, wanachagua, anapakiza mzigo kwenye gari. Ana wateja mpaka Sandoa. Mama yake alikaa kitini, mgongo kwenye ukuta wa chumba chake, akichambua maharagwe. Nami nilikuwa nimeleta gunia la makala. Mume wa Laurentine, Rémy, alikuwa ameng'oa mlango wa chumba cha mkwewe, anaupiga randa.

"Huu mulango ulikuwa unafunga muzuri," Laurentine alisema. "Juu ya nini siku hizi unakwama?"

"Mbao inavimba."

"Inavimba na hii jua?"

"Mbao ni mbao, Laurentine. Unataka niiulize?"

Mama Mushiya akadakia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Na kile kintu kinagongaka chini ya kitanda yangu, nacho ni mbao?"

"Ni majirani banatwanga majani ya sombe, mama," Rémy alijibu akiangalia pembeni.

Aliangalia pembeni kwa heshima. Hawa ni Waluba wa Kasai, na kwao mkwe wa kiume hazoeani na mama wa mke wake. Hali naye sahani moja, hamkazii macho, na hakanyagi chumba anacholala. Rémy aliishika desturi hiyo kuliko wote ninaowajua. Alirekebisha mlango ule uani, kisha akaniomba mimi niurudishe kwenye bawaba, asije akaweka mguu ndani. Nilimsifu. Sikujiuliza ni mbao gani inavimba mwezi wa Julai, wala ni nani anayetwanga sombe asiyemaliza.

Sasa niwaambie ugonjwa wa Rémy. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi moja ya usafirishaji kule Manika. Huko, watu wakikaa mezani, kila mmoja anaweka simu yake juu ya meza, uso juu, wenzake waone alama. Rémy alitaka simu kubwa, ile ya juu kabisa katika aina yake.

"Ile yako ni kipande ya kioo," alimwambia mkewe. "Mutu wa Sandoa alirudisha kikwembe, kile kitenge yako. Alisema kwa picha aliona rangi ya ndizi, akapokea rangi ya haradali. Ni telefone ndiyo inakuaibisha."

Hapo alikuwa amesema kweli, na Laurentine aliumia. Akafikiri, kisha akasema: "Muzuri. Tata Hassani alete ile kubwa, tuzipime hapa hapa. Kama yangu inashindwa, nitanyamaza. Kama inashinda, utanyamaza weye."

Hassani ni mfanyabiashara wa simu sokoni Manika. Watu wake walitoka Kasongo, upande wa Maniema, na yeye huongea taratibu kama mtu anayehesabu tasbihi. Alasiri alifika na pikipiki, simu kubwa kaifunga kwa kitambaa kama yai. Nakiri nilikuwa na hamu kuliko wote. Nilitaka kujua: je, simu nyembamba ya bei ya chini inaweza kusimama mbele ya ile ya wakubwa, au tunajidanganya?

Hassani alizilaza juu ya meza. Ile ya bei ndogo ilikuwa nyembamba zaidi, na nyepesi.

"Mbona ile kubwa ni nzito hivi?" niliuliza.

"Uzito ni heshima yake, tata," Hassani alisema. "Tuanze na kadi. Zote mbili ni débloqué. Haziko chini ya kampuni yoyote, zinapokea kadi ya mtandao wowote. Batu wengine banaleta kubwa kutoka Ulaya, zimefungwa. Unaweka kadi yako, inakuangalia tu kama askari."

Laurentine alipiga simu Sandoa kwa zote mbili. Mteja akasikika vilevile, akauliza kwa nini anapigiwa mara mbili, ana mtoto wa kuogesha. Tulicheka. Tukauliza habari ya moto wa betri, yaani chaji yake. Hassani alisema nyembamba inafika jioni na baki, kubwa nayo inafika, ila ikicheza video inachoka haraka. Tukauliza kioo kikipasuka.

"Cha hii nyembamba, natengeneza ukiningoja unakunywa chai. Cha kubwa, tuandike kwanza Dubai, halafu tuombe Mungu."

"Umesikia?" Laurentine alimwambia mumewe.

"Nasikia. Piga picha ya bikwembe."

Zikapigwa. Hapo kubwa ilishinda wazi. Kitenge cha haradali kilitoka haradali. Kwenye nyembamba kilitoka ndizi mbivu, kinang'aa kuliko chenyewe. Rémy alipiga makofi, na Laurentine akauma mdomo.

Mama Mushiya alikuwa amechoka kusahauliwa. "Na mimi?" alisema. "Bikwembe bimepigwa picha, mimi nimekaa hapa kama kinu. Munipige, halafu nitasema iliyo muzuri."

Rémy alirudi nyuma mpaka kwenye uzio, kama desturi inavyotaka. Hassani akampiga mama picha palepale kitini, mgongo ukutani, kwanza kwa simu nyembamba, kisha kwa kubwa. Akampelekea ya kwanza.

"Ee! Huyu ni nani? Ni mutoto wa shule!" Mama alifurahi. "Hii ndiyo imeshinda. Imekwisha."

"Ngoja uone ingine, mama."

Akaikuza picha ya pili kwa vidole. Mama akaisogeza karibu na jicho lake linaloona vizuri. "Hii telefone haina heshima. Angalia makunyanzi! Imeyahesabu yote. Na ile moja ya kando ya sikio, hiyo si yangu. Mi sina kunyanzi ya kutoka kichwani."

"Iko wapi, mama?" Laurentine aliinama.

"Hii. Inatoka kwa bega, inapita sikio, inapanda juu. Iko inje ya uso yangu."

Laurentine alitazama. Hassani akatazama, akaikuza zaidi. Mstari mwembamba kama unywele ulitoka chini nyuma ya kiti, ukapita kando ya kichwa cha mama, ukapanda ukutani mpaka chini ya bati. Tukarudia picha ya simu nyembamba. Humo ukuta ulikuwa laini kama saruji ya jana.

"Hizi ndogo zinapakaa," Hassani alisema polepole. "Zinalainisha uso, zinalainisha na kilicho nyuma ya uso. Kubwa imeonyesha kilichopo."

Nilimwomba mama ainuke, nikaenda ukutani mwenyewe. Rangi ya ukuta ule ni ya vumbi, na ufa ulikuwa mdogo sana, jicho lingeupita. Nikaingiza ukucha. Ndani kulikuwa safi, hakuna vumbi. Ufa mpya. Laurentine aliutazama ukuta, akautazama mlango uliokuwa unakwama, kisha akamtazama mumewe kule kwenye uzio.

"Rémy. Chini kuko nini?"

Rémy aliangalia pembeni.

"Nakuuliza na watu wakiwepo. Chini ya mama kuko nini?"

Alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Lukusa, jirani wa nyuma, ana shimo uani kwake. Rémy alikuwa amemuuzia udongo ulio chini ya nyumba. Mnajua inavyofanyika hapa kwetu: huhitaji kuvunja sakafu yako. Wachimbaji wanateremka kwa jirani, wanageuka, wanatambaa mpaka chini yako, nawe unapewa fungu. Sakafu inabaki nzima. Anayelala juu hajui.

"Sikuvunja sakafu ya Tata Kalala," Rémy alisema. "Ile neno yake niliishika. Ni kidogo tu, mpaka nipate telefone, na weye uuze muzuri."

"Wewe mjinga," nilimwambia, na sijutii. "Kuko batu chini sasa hivi?"

"Kuko."

Alikimbia kabla sijamaliza kumtukana. Simu haiiti ndani ya shimo, iwe kubwa, iwe nyembamba. Aliruka uzio wa Lukusa, akapiga magoti mdomoni mwa shimo, akapaza sauti mpaka ikakatika. Wachimbaji walipanda mmoja mmoja, weusi kwa udongo, wakimlaani, na Lukusa alitaka kumpiga. Wa mwisho alipotoka alisema nguzo za shimoni upande wa nyumba ya Laurentine zilikuwa zimeanza kulia tangu mchana.

Sote tulikuwa tumekodoa macho kule. Laurentine aligeuka. "Mama iko wapi?"

Mama Mushiya alikuwa ameingia chumbani kutafuta kofia ya kazi ya marehemu mumewe. Kofia ile ilining'inia juu ya kitanda tangu siku ya maziko. Mlango ulikuwa umejifunga nyuma yake na kukwama. Tulimsikia anauvuta.

"Mulango inakataa!" aliita. "Na udongo inaanguka juu yangu!"

Nilikimbia, lakini Rémy alinipita. Alisimama mbele ya mlango ule, na nawaambia kweli, alisita. Kidogo tu, lakini alisita, kama mtu aliyefundishwa tangu utoto asikanyage hapo. Kisha akaupiga teke, mbao ikapasuka, akaingia. Alitoka na mkwewe mgongoni, mikono ya mama imemzunguka shingo, kofia ya marehemu imening'inia kifuani kwake. Wanawake wa jirani walifunika macho. Mkwe kambeba mama wa mke wake kama mtoto!

Walikuwa hawajafika barabarani ukuta uliposhuka. Haukuanguka kwa kelele kama mnavyofikiri. Uliketi. Sakafu ya chumba ilizama, kitanda kikateremka nacho, bati likainama juu yake, na vumbi likafunika vitenge vyote vya Laurentine mpaka haradali na ndizi zikawa rangi moja.

Rémy alimshusha mama mbele ya magunia yangu ya makala. Akageuka upande, macho chini, heshima ikamrudia.

"Unisamehe, mama. Niliingia kwa chumba yako."

Mama Mushiya alikuwa anapangusa kofia kwa kiganja. "Mulango si kitu, tata," alimwambia. "Kwa mulango uliogopa kuingia. Kwa chini uliingia zamani."



Laurentine na mama yake wanakaa sasa katika chumba changu cha nyuma, hadi nyumba itengenezwe, kama itatengenezeka. Rémy anamwaga kifusi na mchanga shimoni kila anapotoka kazini, na Lukusa anamwaga upande wake, kwa sababu mtaa mzima ulimlazimisha. Hassani alirudi Manika na simu yake kubwa imefungwa kitambaa. Laurentine bado anauza kwa simu ile nyembamba. Chini ya kila picha anaandika: "Rangi yenyewe ni nzito kidogo kuliko hii." Tangu aanze kuandika hivyo, hakuna kitenge kilichorudi kutoka Sandoa.

FUNZO

Mtaniuliza: Stany, simu nyembamba ilishinda au ilishindwa? Sitawadanganya. Kwa kupiga, kwa kuuza, kwa kutengenezeka hapa hapa, inasimama na wakubwa bila aibu. Kwa kuona, ilishindwa. Kubwa iliona ufa tusiouona. Mwenye kuimudu ainunue, mimi sina ugomvi na kioo.

Lakini ufa ule usingekuwepo kama mtu asingeitamani simu hiyo kuliko ukuta wa nyumba yake. Kwa hiyo, kabla hujauliza simu ipi ni bora, uliza utaipata kwa kuuza nini, na nani amelala juu ya hicho unachouza. Kisha nenda ukamwambie mtu huyo waziwazi, umtazame machoni, hata kama ni mama mkwe wako. Ukiona huwezi kumwambia, jibu unalo tayari. Heshima ya kuangalia pembeni haimlindi mtu ambaye unamchimbia chini.

Na leo ukirudi kwako, jaribu milango yako. Ukiona mmoja unakwama wakati wa kiangazi, usichukue randa. Kaa kitako na watu wa nyumba yako, uwaulize.