Pumzi ndani ya Biti Nane

Mpaka leo rafiki yangu, fundi sauti, hajui pumzi ile ilitoka wapi. Mama mmoja na mkwewe walimletea rekodi ya maneno ya mwisho ya marehemu mwanawe, mume wa mkwe huyo. Ili isichukue nafasi kubwa kwenye mashine, fundi aliishusha hadi biti nane, akaifuta ya awali. Ngazi za kupimia sauti zikawa chache, na kila mnong'ono usiofikia ngazi ya kwanza ukageuka mchakacho.

"Mwanangu yuko wapi, fundi?" mama akauliza, akisikia mchakacho tu.

"Mama, mashine haifufui mtu," mkwe akacheka.

Fundi akapandisha sauti. Ikasikika pumzi ambayo rekodi ya awali haikuwa nayo: ya mtu aliyefunikwa uso kwa mto, visigino vikipiga kitanda.

"Si ulisema alifia usingizini?" mama akamwuliza mkwe.

Mkwe akashika mkoba wake, akatazama mlango.

"Wajukuu wangu wamebakiwa na mzazi mmoja," mama akasema, akaifuta rekodi kwa mkono wake mwenyewe.