Kijiji Kilichokosa Wabebaji

Soko kuu la Bunia lilikuwa limefurika, mama wauza makayabo, samaki wa chumvi, wakigombana na wasukuma mikokoteni, na Vahwere alikuwa ameinamia cherehani yake mtu alipobwaga furushi la kitambaa cheupe mezani.

“Kwenu batu hawasemake bonjour?” akauliza bila kuinua macho.

“Bonjour, mama mushonaji. Unisamehe, batu banasukumana.”

Akainua macho. Kijana alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi vizuri, lakini buti zake zilijaa udongo mwekundu mpaka kwenye muundi. Vahwere mwenyewe alivaa libaya, blauzi ya kitenge cha manjano, mikono imetuna mabegani, na alijua imempendeza.

“Nataka mashuka ya maternité,” kijana akasema. “Naitwa Ephraïm. Niko infirmier wa kituo cha afya kule Andisa, ng’ambo ya mashimo ya Kilo.”

“Na kule banazala batoto ngapi?”

“Mwaka huu? Bado hata moja.”

Vahwere akacheka. Kijana hakucheka, na kicheko kikamfia mdomoni.

“Sasa mashuka ni ya nini?”

“Mama moja akikuya, akute kitanda safi.”

Siku hiyo Vahwere alishona mikunjo upande upande, akafumua, akashona tena. Ephraïm alirudi kuchukua mashuka, kisha akarudi bila kuwa na kitu cha kuchukua. Walikula sombe na samaki kwa mama mmoja karibu na kwao, mtaa wa Saio, na alipoondoka ikabaki simu. Andisa mtandao ulipatikana juu ya kilima nyuma ya kanisa, na Ephraïm alikipanda kila jioni, mvua isiponyesha.

“Sheri, umekula nini?”

“Niko nakula sauti yako.”

“Wee! Docta muongo!”

Lakini kila mazungumzo yaliishia penye donda lile lile. Zamani Andisa ilikuwa na soko lake na shule yake. Vita vikawafukuza watu, na wengi hawakurudi. Waliobaki na nguvu wakafuata dhahabu. Sasa mtu akisimama mlangoni pake aliweza kuona nyumba zote zilizokuwa bado na moshi jikoni. Watoto hawakuzaliwa, maana waliobaki wengi walikuwa wazee.

“Kuya Bunia,” Vahwere alisema. “Hapa pharmacie ni mingi, utapata kazi.”

“Nikitoka, batatoka bote. Banabakia juu ya ile posti ya dawa tu.”

“Na miye?”

“Weye ukuye huku. Tuzae, tuongeze kijiji,” akasema akicheka.

Vahwere hakucheka. Alikuwa amelikimbia jina la mwanakijiji tangu wazazi wake walipotoka kijiji cha karibu na Butembo, na hakuona kwa nini mapenzi yamrudishe porini.

Mchana mmoja Ephraïm akapiga simu kutoka mlangoni pa kituo, mtandao ulipobahatika kufika mpaka pale. Sauti ilikatikakatika. Nyuma yake Vahwere akasikia mwanamke akilia kwa deko, au ndivyo alivyosikia yeye: “Ephraïm! Kuya unishike mugongo!”

“Ni nani huyo?”

“Vahwere, nitaku—”

Simu ikakatika. Jioni Ephraïm alipiga tena na tena kutoka kilimani. Vahwere aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza. Siku zilizofuata akaifungia namba yake kabisa. Hasira ilikula usingizi, kisha ikala chakula. Mwishowe akavaa ile libaya ya manjano, apate kuachana na Ephraïm akiwa mwenyewe amependeza, akakodi pikipiki.

Dereva akamshusha penye mto. Daraja la magogo lilikuwa limeoza, limebaki gogo moja la kupita mtu kwa miguu.

“Hawalitengenezi?” Vahwere akauliza.

“Nani atalitengeneza? Salongo, kazi ya kijiji, inataka batu,” dereva akasema. “Nitakungojea hapa, lakini usikawie.”

Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri. Alipita nyumba zisizo na mapaa, nyasi zimeota mpaka ndani vyumbani. Alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Mlango wa kituo ukafunguka na Ephraïm akatoka, amelowa damu mpaka viwikoni. Hakushangaa, hakusalimu.

“Vahwere, uko na nguvu? Shika hapa.”

Kitandani, juu ya mashuka aliyoyashona mwenyewe, alilala mwanamke kijana aitwaye Adeline. Kwao kulikuwa mbali, ndiyo maana alihamia kituoni kungojea siku zake. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike asubuhi, na damu haikukatika. Dawa ya kuizuia ilikwisha. Mumewe, Vital, aliyetoka mashimo ya dhahabu kwa ajili ya uzazi, alisimama kando akifunga mablanketi kwenye miti miwili, wampeleke hospitali.

Machela inataka mabega manne, na ya kupokezana. Walikuwapo Ephraïm, Vital, na muzee Kamate, mlinzi wa kanisa, ambaye goti lake lilikuwa bovu. Mama Bernadette, jirani wa kituo, alikuwa amembeba mtoto. Vahwere akavua viatu, akaingiza bega chini ya mti.

Walitembea kuelekea mtoni, pikipiki ilikongojea, wakapumzika, wakatembea. Kila muzee Kamate alipoteleza, machela iliinama, na Ephraïm akasema, “Polepole, papa, polepole,” kwa sauti ya mtu anayetaka kupiga kelele. Hakukuwa na mtu wa kuwapokea. Waliita kwenye kila nyumba waliyoipita, na nyumba hazikuwa na mtu.

Walipoiweka chini mara nyingine, Adeline akafumbua macho, akaitazama ile libaya.

“Ndiyo weye mushonaji?” akanong’ona. “Anakusemaka mingi. Nilikuwa namulilia mugongo unaniuma, naye anataka simu tu.”

Vahwere akamwinamia. Akamfuta jasho kwa ukingo wa mkono wa libaya.

Waliponyanyua tena, Vital alikuwa akimsemesha mkewe bila kukoma, habari za nyumba watakayojenga, habari za jina la mtoto. Upande wa pili wa mto dereva aliwaona, akawasha pikipiki. Mlio ule uliwafikia wazi. Ephraïm akasema, “Tushushe,” akaweka vidole shingoni mwa Adeline, akaviacha pale kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Vital akatikisa kichwa.

Walimrudisha Andisa. Kaburi lilichimbwa na Ephraïm na Vital, na walipochoka Vahwere na mama Bernadette wakashika majembe, jambo ambalo muzee Kamate alisema hajaliona tangu azaliwe. Baada ya sala hakuna mzee wa kijiji aliyeondoka. Walimtazama Ephraïm.

“Docta,” mama Bernadette akasema, “siye tutaenda. Usikasirike. Mutoto huyu hataishi hapa.”

“Sikasiriki, mama.”

Kesho yake walitoka wote, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba. Vital alimfunga mtoto kifuani, ampeleke kwa dada yake Komanda. Ephraïm akafunga kituo, kisha akasimama na ufunguo mkononi bila kujua ampe nani.

Penye gogo la mto Vahwere akamshika mkono.

“Nilikusemea mubaya rohoni. Nilifikiri uko na mwanamuke.”

“Nilikuwa naye,” Ephraïm akasema. “Alikuwa moja tu wa kuzaa kijiji kizima, na nimemushindwa.”

“Haukumushindwa weye.”

Wazee walikuwa wakivushwa mmoja mmoja. Kisha Ephraïm akasema, macho yakiwa majini, “Vahwere, sina kazi tena. Sina kwetu. Utanikubali nikuoe namna hii?”

“Nakukubali.”

“Ulitaka nikuye Bunia. Basi, nakuya.”

Vahwere akamvuta kifuani, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye kucha zao wote wawili. Kila Jumapili alikuwa amepiga magoti kuomba jambo hilo hilo, Ephraïm atoke Andisa. Alilia mpaka muzee Kamate akageuka kutazama kando, na katika kulia kule hakupata neno hata moja la kumshukuru Mungu.